Chupa Kumi na Mbili za Maji ya Mizizi

28 Machi

Kwako shemeji, mdogo wa mume wangu,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika salama baada ya mazishi na kwamba kazi inakwenda. Mimi nipo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jana asubuhi nilijikuta nimemimina chai vikombe viwili. Kumwaga sikuweza, nikanywa vyote.

Nakuandikia kwa sababu ya ripoti iliyoletwa hapa kituo kidogo juzi, kutoka huko kwenu makao makuu. Inamhusu kaka yako na Sehemu Namba Nne, lile shamba la majaribio alilolitunza hadi alipougua. Nakunakilia kama ilivyo: "Maji ya mizizi ya mahindi, chupa kumi na mbili, yamepimwa na hayakuyeyusha chuma chochote. Kwa hiyo ukijani wa karanga umetokana na mtunza shamba kunyunyizia dawa ya chuma kwa siri. Jaribio limeshindwa. Sehemu irudishwe kwa matumizi mengine."

Kwa siri. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Ardhi yetu unaijua, nyeupe kama unga, chokaa tupu. Karanga zikipandwa peke yake humu zinageuka manjano, mishipa ya jani tu ndiyo inabaki kijani, utadhani mtu kaichora kwa kalamu. Lakini zile alizozipanda katikati ya mistari ya mahindi ni za kijani mpaka leo. Ni shamba moja, mvua moja, hatua nne kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kaka yako alikuwa akinieleza tukila: chuma kimejaa kwenye ule udongo, ila kimekuwa kutu na chokaa imekikaza, mmea hauwezi kukinywa. Mahindi yakiona njaa ya chuma yanatoa kitu mizizini, kitu kinachokwenda kukishika kile chuma kama koleo, kukibandua na kukiingiza majini. Karanga zilizo jirani zinakula kwenye sahani ya mahindi.

Unajua wazo hilo alilitoa wapi? Kwenye shati. Lilikuwa na doa la kutu ya lango, nikalipaka limau na chumvi, nikalianika juani, doa likaondoka. Wanawake wote tunafanya hivyo. Yeye akanishika mkono akaniuliza, "Sasa ile kutu imekwenda wapi?" Nikamwambia imekwenda na maji, ingekwenda wapi? Hakulala vizuri wiki nzima. Ndipo watu wa ofisini wakaanza kumwita Bwana Kutu, na yeye akaitika.

Wewe ni fundi wa maabara huko. Zile chupa zilipita mikononi mwa watu wenu. Nakuomba uniambie ni nani alizipima na lini. Mtu aliyemwita kaka yako mdanganyifu lazima awe amepima vizuri sana.

Shemeji yako,
Mwosha chupa wa kituo kidogo


4 Aprili

Shemeji mpendwa,

Barua yako imenifikia. Pole tena. Na mimi huku nikisikia mtu anakohoa kwenye korido nageuka, nadhani ni kaka.

Kuhusu chupa: zilipimwa siku ileile zilipofika, kwa utaratibu wa kawaida. Unachukua maji, unachanganya na unga wa kutu, unatikisa, unachuja, unapima chuma kilichopita kwenye chujio. Hakikupita chuma. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikuhusika sana, kazi hapa inagawanywa.

Nakushauri kama mdogo wako: usigombane na Mkuu wa Kituo. Kaka alikuwa na kichwa kigumu, tunajua wote, na uzuri wake ulikuwa humohumo. Lakini yeye amepumzika, wewe bado unafanya kazi chini ya watu hawa. Ripoti zenyewe hakuna anayezisoma. Zinawekwa kabatini, panya wanazisoma kuliko wanasayansi. Kabidhi lile shamba, uendelee na maisha.

Chupa zenu kumi na mbili bado ziko hapa, tangu wakati ule hakuna aliyezigusa. Nazituma kwa basi la Jumatano, ndani ya kreti, zimefungwa kwa gazeti. Najua unavyozipenda. Kaka alikuwa akisema ukivunja sahani unacheka, ukivunja chupa unalia.

Shemeji yako,
Fundi


9 Aprili

Shemeji,

Kreti limefika. Chupa zote nzima, asante kwa kuzifunga vizuri.

Nimezikagua kabla ya kuziosha. Nimeosha chupa miaka kumi na tisa, shemeji. Wengine wanasoma magazeti, mimi nasoma chupa. Ukinipa chupa chafu nitakwambia ilikuwa na nini, ilijazwa mpaka wapi na ilikaa muda gani.

Mkipima, mnamimina nusu ya maji na kubakiza nusu. Ni hivyo miaka yote. Chupa iliyopimwa siku ileile, hata kama nusu iliyobaki italala mwezi mzima, ute unaota kuanzia katikati kwenda chini. Hizi zako zina pete mbili. Moja iko katikati, sawa. Nyingine iko juu kabisa shingoni, ya kijivu, inateleza, nene kama ukingo wa chungu kilicholala na uji. Zote kumi na mbili. Pete hiyo iliota maji yakiwa bado yamejaa, hayajaguswa na mtu. Zamani niliwahi kuyaacha maji ya mizizi hapa kwangu nikayaangalia. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu cha kuonekana. Siku ya nne kidole kinateleza.

Na karatasi zilizobandikwa zipo bado, mwandiko wake wa penseli: "Isomwe leo."

Sikugombezi. Nakuuliza tu. Zilikaa wapi siku nne?

Shemeji yako


11 Aprili

Kwa: Mwosha Chupa, Kituo Kidogo
Kutoka: Mkuu wa Kituo
YAH: KUKABIDHI SEHEMU NAMBA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kufuatia ripoti ya maabara, Sehemu Namba Nne itatumika kujenga banda la magari. Trekta litafika kulima na kusawazisha eneo hilo tarehe 20 Aprili, saa mbili asubuhi. Ufunguo wa lango, ambao ni mali ya kituo, ukabidhiwe kwa dereva. Mahindi na karanga zilizomo zichukuliwe kuwa magugu.

Nakutakia kazi njema.

Mkuu wa Kituo


13 Aprili

Kwa Mkuu wa Kituo,

Shikamoo Mkuu. Barua yako nimeipokea na kuisoma kwa heshima.

Ni kweli kwamba ufunguo ni mali ya kituo. Nimeupaka mafuta na kufuli vilevile, vyote vinafanya kazi vizuri sana. Lango limefungwa. Sitamkabidhi dereva.

Mimi sikusoma sana, kwa hiyo naomba unieleweshe jambo moja. Ripoti inasema marehemu mume wangu alinyunyizia dawa ya chuma kwa siri. Dawa hiyo tunayo stoo, tunaijua wote. Ukilinyunyizia jani, linapona jani hilo. Jani litakaloota baada ya hapo linakuja manjano kama wenzake, mpaka unyunyizie tena. Ndiyo maana hapa tuliichoka. Sasa mume wangu amezikwa tarehe kumi ya mwezi wa tatu. Karanga zimetoa majani mapya tangu siku hiyo, nimeyahesabu, na yote yaliyo upande wa mahindi ni ya kijani. Nani anayanyunyizia? Ukisema ni mimi, karibu Mkuu, nitakuwekea kiti pale shambani, ukae siku kumi uniangalie. Chai nitaleta.

Hizo karanga siyo magugu. Zimeshatoa maua na vikonyo vyake vimeanza kushuka ardhini kutunga punje. Zikivunwa kila mtu ataona upande upi una punje na upande upi una maganda matupu. Naomba zisubiriwe hadi mwezi wa sita. Kama hazitasubiriwa, basi nitakuwepo.

Wako mtiifu katika mambo mengine yote,
Mwosha Chupa


15 Aprili

Shemeji,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Nampa kondakta wa basi hii ya nne kabla sijabadilisha mawazo.

Zilikaa dirishani kwangu. Ni mimi niliyezipima.

Zilipofika, wenzangu walikuwepo. Mmoja akasoma karatasi zilizobandikwa kwenye chupa, akasema, "Jamani, maji ya kuogea ya Bwana Kutu yamewasili, nani anataka kuoga?" Wakacheka. Mwingine akaniambia, "Zako hizo, za ukoo, zitangulize." Mimi nikasema hapana, za kaka yangu zitakuwa za mwisho, asije mtu akasema napendelea ndugu. Nilijisikia mwadilifu sana, shemeji. Nikazipanga dirishani, jua likazipiga kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Nilikiona kile kikaratasi chake. Nikasema moyoni, kaka naye kwa haraka zake.

Jumatatu nikapima. Hakikuyeyuka kitu. Nikaandika "hakuna", nikagonga muhuri. Kwamba alinyunyizia kwa siri sikuandika mimi, hilo ni la Mkuu. Lakini lilisimama juu ya neno langu.

Na mimi najua, ndiyo kinachoniua. Mizizi inayo wadudu wake, vile vijidudu visivyoonekana. Kitu kinachotoka kwenye mizizi kwao ni chakula kitamu, wanakila usiku na mchana. Uteute uliouona shingoni ni wao, wameshiba. Lile koleo la mahindi walilila lote dirishani mwangu, na mimi nikapima kilichobaki mezani baada ya wageni kuondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Kaka alijua, na yeye alikuwa mtunza shamba.

Niambie jambo moja tu. Karatasi yangu ya kipimo ilitumwa kwenu mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla hajafariki. Ilimkuta? Aliisoma?

Sijui nijiite nani hapa mwisho.


16 Aprili

Shemeji,

Kondakta amenikuta karaini. Nimekausha mikono nikasoma nimesimama.

Kulia kuna wakati wake. Hapa kuna makopo kumi na mbili ya mahindi machanga, niliyapanda mwenyewe baada ya mazishi, kwenye udongo uleule mweupe. Yana wiki tatu na majani yake yameanza kuwa na mistari ya manjano. Yana njaa, kwa hiyo yanatoa. Kaka yako alikuwa akiyang'oa taratibu saa moja, anaosha mizizi, anaisimamisha kwenye maji safi, saa nne anajaza chupa. Saa nne, siyo mchana. Aliacha chai yake nusu miaka mitatu kwa sababu ya hiyo saa nne, akisema asubuhi ndipo mahindi yanapotoa kwa wingi.

Njoo tarehe ishirini na moja na basi la kwanza. Lete barafu. Lete ile dawa yenu ya kuua vijidudu. Tarehe ishirini usije, siku hiyo nina mgeni.

Swali lako nimelisoma. Silijibu leo.

Shemeji yako. Wewe nawe jiite hivyohivyo, hujafukuzwa.


22 Aprili

Shemeji,

Jana hatukuzungumza. Maji yalikuwa hayasubiri, na wewe ulikuwa na kasha lako la barafu mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ulipofika uliangalia alama za magurudumu langoni. Basi nakusimulia.

Dereva wa trekta alifika saa mbili kamili. Ni yule mnene, Mzee Gia. Mimi nilikuwa ndani ya shamba, nimekaa kwenye kreti la chupa, kati ya mstari wa karanga za manjano na mstari wa za kijani. Akazima mashine.

"Mama Chupa, nipe ufunguo."

"Sina."

"Nimeambiwa unao."

"Ninao. Sikupi."

Akashuka, akashika nguzo. "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua baba. Na mimi nimekaa tu."

"Nikisema niliangushe lango?"

"Lango ni mali ya kituo, wameandika. Utawaeleza wewe."

Akafikiri. Akaniuliza kwa nini upande huu ni manjano na ule kijani, trekta lenyewe halitofautishi. Nikamweleza habari ya limau. Yeye akaniambia mkewe anatumia ukwaju kusugua sufuria la chuma likishika kutu. Nikamwambia ndiyo hiyohiyo, uchachu unaibandua kutu, na mahindi yana uchachu wake yanaoutengeneza yenyewe, mwerevu kuliko wa limau, maana unafanya kazi hata kwenye chokaa. Akaitazama ile mistari kwa muda. Kisha akasema, "Yaani yule bwana walimwita mwongo kwa jambo ambalo mke wangu analijua?"

Alikaa hadi saa sita. Simu ilimlilia mara nne. Mara ya nne akaipokea, akasema, "Mkuu, hapa kuna tatizo la kiufundi. Ndiyo. Hapana, siyo injini." Akaondoka. Alipopanda aliniambia hawezi kurudi wiki hii wala ijayo, anaumwa mgongo. Nikampa pole ya mgongo.

Mgongo wangu ndio unaouma kweli, kreti lile halina huruma.

Sasa ni zamu yako. Chupa hizo nilizisafisha mara tatu na kuzisuuza kwa maji yaliyochemshwa. Kama kuna uchafu, siyo wangu.

Shemeji yako


29 Aprili

Shemeji,

Nimemaliza. Nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilizigawa chupa zako makundi matatu, nne nne. Za kwanza nilizipima jioni ileile zikiwa bado za baridi. Za pili nilizirudisha dirishani kwangu, mahali palepale, siku nne zilezile. Za tatu nazo siku nne dirishani, lakini niliziwekea matone ya dawa ya kuua vijidudu. Sikupima peke yangu. Nilimwita yule aliyecheka kuhusu maji ya kuogea, nikamwambia apime yeye, mimi nishike kalamu.

Za jioni: chuma kimepita, maji yalipochujwa yalikuwa safi kabisa lakini kipimo kikapanda mpaka jamaa akadhani amekosea, akarudia. Za dirishani: hakuna, kama mara ile. Zenye dawa: chuma kimepita, karibu sawa na za jioni. Jamaa akaweka chini chujio, akasema, "Bwana Kutu alikuwa sahihi, na sisi tulipima uji." Hakucheka.

Nimeenda mbele kidogo. Udongo ulioshikamana na mizizi yenu niliupanda kwenye sahani za maabara. Wamo vijidudu wanaotengeneza koleo lao wenyewe kubandua kutu, kila kundi na fundi wake. Ile ardhi nyeupe tunayoiita maskini ina karakana nzima chini. Wanalila la mahindi, ni kweli, lakini wana lao pia, na nadhani mimea mingine inaokoteza humo. Hilo sijalithibitisha, kwa hiyo sijaliandika. Nimejifunza.

Nimemwandikia Mkuu marekebisho. Nimesema chupa zilikaa siku nne, nimesema nani aliziweka na kwa nini, na nimetia sahihi jina langu lote, siyo muhuri. Ameniita. Aliniuliza kama naelewa maana ya kuandika kitu kama hicho juu yangu mwenyewe. Nikamwambia, mke wa kaka yangu amekaa mbele ya trekta juu ya kreti, mimi nimekaa juu ya kiti chenye mto, nisamehe Mkuu. Kuanzia Jumatatu nahamishiwa ghala la mbegu. Nitakuwa nahesabu magunia.

Sijutii. Lakini lile swali langu hujalijibu, na kila usiku linanijia upya.

Shemeji yako


6 Mei

Kwa: Mwosha Chupa, Kituo Kidogo
Kutoka: Mkuu wa Kituo
YAH: SEHEMU NAMBA NNE

Kufuatia marekebisho ya maabara, maneno "kunyunyizia dawa ya chuma kwa siri" na maneno "jaribio limeshindwa" yamefutwa katika ripoti. Mazao yaachwe hadi mavuno. Banda la magari litajengwa upande wa kisima.

Fomu ya mavuno imeambatishwa. Ijazwe na karani, itiwe sahihi na Mwosha Chupa na kurudishwa. Jaribio litaendelea msimu ujao kwa jina la kituo.

Unakumbushwa kwamba kukalia makreti ya chupa ni kinyume cha matumizi yake.

Mkuu wa Kituo


14 Juni

Kwako shemeji, mdogo wa mume wangu,

Tumevuna. Mzee Gia alikuja kusaidia, mgongo wake umepona. Upande wa manjano mashina yaling'oka na maganda yaliyosinyaa, ukiyabonyeza yanatoa hewa. Upande wa mahindi tulikuwa tunang'oa kwa mikono miwili. Karani amepima, ni zaidi ya mara mbili. Amejaza fomu yake vizuri, mpaka alipofika kwenye kisanduku cha "aliyefanya jaribio". Akaandika jina la kituo.

Nikamwambia afute. Akasema Mkuu ameelekeza, halafu kisanduku hicho ni cha wataalamu, mtunza shamba hawekwi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeshakaa mbele ya trekta, unadhani nitashindwa na kisanduku? Sikutia sahihi siku hiyo. Siku ya pili sikutia. Siku ya tatu makao makuu walikuwa wanaisubiri ile fomu, akanipa kalamu mwenyewe. Nikaandika jina la mume wangu lote, lake na la baba yake, kwa herufi kubwa, mpaka nikatoka nje ya kisanduku. Walioko juu wakitaka kulifuta walifute, lakini watafuta kwa mkono wao na tarehe wataandika.

Sasa swali lako.

Nimekaa nalo miezi miwili na nitakwambia ukweli wote, hata ule usionipendeza. Ndiyo, karatasi yako ilimkuta. Ilikuja siku sita kabla. Alikuwa na homa, kifua kimembana, ameegemea mito miwili. Nilimsomea mimi, miwani yake haikuwa karibu. Nilipofika kwenye "hakuna" nilitaka kuruka mstari, akajua, akaniambia, "Soma ulivyoandikwa." Nikasoma.

Akajivuta juu ya mito. Kisha akaomba penseli. Akakata neno lako kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: "Nitarudia." Akaniuliza mahindi ya kwenye makopo yamebaki mangapi. Nikamwambia lala, baba. Akasema analala, lakini hiyo karatasi haijui kitu, hao wamechelewa kuzisoma chupa. Alisema "hao". Karatasi ilikuwa na muhuri tu, hakujua ni wewe, na hakukulaumu. Wala hakuamini hata dakika moja kwamba alikosea. Aliondoka duniani akibisha.

Ningeweza kukwambia haya tangu tarehe kumi na sita mwezi wa nne. Ungelala usingizi. Sikukwambia kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, shemeji, na sikujua pengine pa kuiweka, nikaiweka juu yako. Nilitaka uibebe hiyo karatasi kama nilivyoibeba mimi, uamini kwamba ndiyo iliyomvunja. Nilikuwa naosha chupa nikifikiri, mwache, bado kidogo. Nawe ukaandika jina lako lote mbele ya Mkuu ukidhani kaka yako alikufa amevunjika. Ulifanya hivyo bila kujua kwamba hakuvunjika. Mimi nisingeweza.

Kwa hiyo tuko sawa. Wewe uliniambia chupa zilipimwa siku ileile. Mimi nilikuficha alichosema. Karatasi yenyewe naituma humu ndani, ya kwako, na penseli yake juu. Usiipeleke kabatini kwa panya.

Msimu ujao nimeomba nitunze Sehemu Namba Nne mwenyewe. Wamesema mwosha chupa hawezi. Nimewaambia nitarudia kuomba kila Jumatatu mpaka wachoke wao.

Huko ghalani, ukikaa peke yako na hayo magunia, mkumbuke kaka yako alivyokuwa. Na mimi unikumbuke.

Shemeji yako